Mke kapasuliwa mara tatu, sasa nani afunge kizazi: yeye au mimi?

MangiWaPasua #1
Wakuu, salaam.
Nipo Moshi, Pasua. Tuna watoto watatu, na wote wametoka kwa operesheni. Wa mwisho ana miezi minne; mama yake kwa sasa anatumia sindano, na damu imeshaonekana tena, nyingi. Daktari alimwambia mama watoto kwamba kovu limechoka, kumtafuta wa nne itakuwa ni kubahatisha. Siku ya kujifungua walimuuliza kama wamfunge moja kwa moja, akakataa kwa kuwa tulikuwa bado hatujakaa tukaongea. Sasa tumeongea. Hatutaki mwingine, hilo limeisha.

Kilichobaki ni nani afunge. Nimeuliza kijiweni, wamenicheka mpaka muuza kahawa akaja kuuliza kulikoni. Na hao hao wanaocheka, wake zao wana vijiti, wengine wameshafungwa. Mimi naona hivi: wanaume wa huku Kaskazini tunakimbia kitu cha nusu saa, tunamsukumia mwanamke ambaye tayari tumbo lake limefunguliwa mara tatu. Kwa nini hatufungi? Nipingeni kwa hoja.

Kisusio_Original #2
Nimeweka kiti mbele kabisa. Leteni supu.

DerevaWaCosta #3
Mangi, nakuheshimu, ila fikiria hili. Umefunga. Mungu apishe mbali, mke akatangulia, au mkaachana. Una miaka arobaini, unaoa binti wa watu. Unamwambia nini? Mwanamke akifika arobaini na tano au hamsini kizazi kinafunga chenyewe, mwanaume anazaa mpaka uzeeni. Anayepoteza zaidi ni nani? Mimi hoja yangu ni hiyo tu, sijasema naogopa.

Mama_Njiro #4
@DerevaWaCosta na mke akifungwa halafu wewe ukatangulia, yeye haolewi? Au mkeo umeshamzika kwenye hesabu zako wewe ukiwa hai na mke wa pili mkononi?

DerevaWaCosta #5
Dada yangu, mbona umekuja na panga asubuhi yote hii.

Nesi_Mstaafu #6
Nimekaa kliniki ya uzazi wa mpango huku Arusha mpaka nikastaafu, niruhusuni niseme kidogo.

Kwanza, mtu haulizwi suala la kufunga akiwa na uchungu wala akiwa mezani. Ushauri hutolewa mapema, kliniki ya wajawazito, akiwa na akili yake, na fomu anasaini kabla. Shemeji alifanya vizuri kukataa.

Pili, tofauti ya njia zenyewe. Kwa mwanamke ni lazima uingie tumboni, iwe kwa mpasuko mdogo wa sentimita chache au kwa kamera. Mirija inakatwa na kufungwa, siku hizi wengine wanaiondoa yote. Akishapasuliwa mara tatu mara nyingi kunakuwa na mishikamano ndani, utumbo na kibofu vimegandana na kovu, kazi inakuwa ngumu kuliko kwa mama ambaye hajawahi kupasuliwa. Ndiyo maana mwenye operesheni nyingi tunapenda afungwe wakati ule ule mtoto anapotolewa, kama aliamua mapema. Hiyo nafasi kwenu imepita.

Kwa mwanaume ni ganzi pale pale kwenye ngozi ya korodani, tundu dogo, mirija miwili ya kupitisha mbegu inavutwa, inakatwa na kufungwa, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kuna njia isiyotumia kisu kabisa, aliibuni daktari wa China, Li Shunqiang, mwaka 1974, nayo ndiyo imeenea.

Tatu, hakuna iliyo asilimia mia. Kwa wanawake, kati ya 1,000 waliofungwa karibu 5 hupata mimba ndani ya mwaka wa kwanza, na hatari inaendelea kidogo kidogo miaka inayofuata. Mimba ikitokea hapo, uwezekano wa kuwa nje ya mfuko wa uzazi ni mkubwa kuliko kawaida, kwa hiyo aliyefungwa akikosa siku zake na tumbo linamuuma upande mmoja asikae nyumbani. Kwa wanaume inashindwa mara chache zaidi, LAKINI haifanyi kazi siku ile ile. Kuna mbegu zilizobaki njiani. Anasubiri miezi mitatu akitumia kinga, kisha anapimwa shahawa. Wanaoruka hapo ndio wanaoleta kesi mtaani.

MangiWaPasua #7
Nesi, aika mbe, asante sana. Hilo la mishikamano hatukuambiwa.

MekuWaMachame #8
Vijana mnatafuta mchawi mbali. Chanzo ni kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa.

Baba yangu alizaliwa kwenye nyumba ya watoto tisa na kila mvulana alipata pa kupanda migomba na kahawa. Mkubwa anapewa chake, mdogo wa mwisho anarithi nyumba ya wazazi, wa katikati wanatafutiwa juu au chini. Leo kihamba changu ukisimama mlangoni unamsikia jirani akikohoa. Nimewazaa watano, nimewapa wawili, wengine nikawaambia kitabu ndicho kihamba chenu. Kwa hiyo kupunguza watoto kulianza zamani huku mlimani, kabla ya vijiti na sindano. Ila mwanaume wa Kichaga hafungi kwa sababu kihamba kinahitaji wa kukishika. Ukifunga na una mvulana mmoja, akapata ajali ya pikipiki, umebaki na migomba ya nani?

Sisemi ni sawa. Nasema ndivyo kichwa kinavyowaza.

BintiRombo #9
Shikamoo Meku. Kihamba ni nusu ya habari, nusu nyingine ni majina.

Mvulana wa kwanza jina la babu wa upande wa baba, wa pili babu wa upande wa mama, wasichana hivyo hivyo kwa bibi. Mimi nimezaa wasichana wanne, bibi zote mbili zimeitwa, zikabaki shangazi. Mama mkwe akawa anasema mbele za watu kwamba mzee wake "hajaitwa". Nilikuwa na presha mimba mbili za mwisho, ya nne nililazwa. Mume wangu ndiye aliyesema basi. Sikumwomba. Alikuja wodini akaniambia, "Baba yangu akitaka kuitwa, tutafuga mbuzi tumwite jina lake." Nilicheka mpaka nesi akanigombeza kwa ajili ya presha.

Nikafungwa kwenye operesheni ya nne. Ila angalieni: hata huyu mume mzuri namna hii, hakuwaza hata dakika moja kwamba yeye ndiye angefunga. Na mimi sikuwaza kumwambia. Haikuja kichwani kwa yeyote kati yetu. Kwa hiyo kusema wanaume wanaogopa ni kuwapa sifa ambayo hawana. Kuogopa kitu lazima kwanza ukifikirie.

Kisusio_Original #10
#9 imeenda shule.

Katekista_Kibosho #11
Tumsifu Yesu Kristo. Naona mnazunguka. Uchagani nusu nzima ni Wakatoliki: Kibosho, Kilema, Rombo. Kanisa limesema wazi tangu Papa Paulo VI alipotoa Humanae Vitae Julai 1968 kwamba kufunga uzazi kwa makusudi, iwe mwanaume au mwanamke, iwe kwa muda au moja kwa moja, hapana. Hospitali za Kanisa hazifanyi. Zinafundisha njia ya kuhesabu siku na kuangalia ute. Mwanaume anayekwenda jumuiya kila wiki atafunga vipi halafu akae mbele ya wenzake?

LutheriMarangu #12
@Katekista_Kibosho nakuheshimu mtumishi, ila hoja yako inavuja. Marangu na Machame ni Walutheri toka enzi za wamisionari wa Leipzig, na KKKT, kanisa letu la Kilutheri, haina katazo la namna hiyo. Basi njoo Marangu unihesabie wanaume waliofunga. Kama tatizo ni Roma, sisi tungekuwa tumefunga wote.

Mama_Njiro #13
Na wanawake wa Kikatoliki wanaofungwa je? Ninao kwenye kikundi changu cha kukopeshana. Wanakwenda hospitali ya serikali, wanarudi, Jumapili wapo kanisani. Mbona kwao katazo halijazuia, limezuia kwa baba zao tu?

Katekista_Kibosho #14
Hao wanajua wenyewe na muungamishi wao. Mimi nimeeleza fundisho, sijasema watu wanalifuata.

Ustadhi_Majengo #15
Kwa sisi Waislamu, kwa ufupi. Wanazuoni wengi wanaruhusu kuzuia kwa muda kwa makubaliano ya mume na mke, wakipima na azl (kumwaga nje) iliyokuwapo zama za Mtume (S.A.W.). Kukata kabisa wengi wanakataza isipokuwa kwa dharura ya kiafya. Sasa kesi ya mleta mada ni tamu kielimu: dharura ipo kwa mke. Mwili wa mume hauna dharura. Je, dharura ya mke inamhalalishia mume kujifunga? Niliwahi kumsikia sheikh mmoja akisema hapana, afunge mwenye dharura. Mwingine akasema madhara huondolewa kwa njia nyepesi zaidi. Waliachana hivyo hivyo msikitini pale.

BodaSakina #16
Mimi sina dini kwenye hili, nina swali moja tu la kiume. Ukifungwa, mashine inawaka? Maana mzee wangu Ngaramtoni alikuwa anahasi madume, na dume likishahasiwa linanenepa, linatulia, linalima. Sijawahi kuliona likipanda ng'ombe tena. Nikifikiria hilo koleo, ninabana miguu hapa nilipo.

DerevaWaCosta #17
Hatimaye mwanaume mmoja kasema ukweli.

Nesi_Mstaafu #18
Mdogo wangu, korodani hazitolewi wala hazipondwi. Homoni ya kiume inatengenezwa hapo na kuingia kwenye damu, haipiti kwenye mrija uliokatwa. Hamu ipo, nguvu ipo, maji yanatoka kama kawaida kwa sababu mbegu ni sehemu ndogo sana ya shahawa, nyingine inatoka kwenye tezi za juu ambazo hazijaguswa. Huwezi kuona tofauti kwa macho.

AfisaMifugo_Ngaramtoni #19
Hapa niachieni, ni ofisini kwangu.

Koleo unalolisema BodaSakina ni burdizo. Linachofanya ni kuponda kamba nzima inayoshikilia korodani bila kuchana ngozi. Ndani ya hiyo kamba kuna mrija wa mbegu, ndiyo, lakini pia kuna mishipa ya damu. Damu ikikatika, korodani zinasinyaa na kufa taratibu, homoni inaisha, ndipo dume linakuwa maksai. Kwa binadamu wanachagua mrija wa mbegu peke yake, mishipa ya damu inabaki. Ni kazi mbili tofauti kabisa.

Na kuna jambo ambalo wengi hamlijui. Sisi watu wa mifugo tunafunga madume pia, kwa njia hiyo hiyo ya kukata mrija tu. Kwa nini? Kwenye mashamba makubwa yanayotumia uhimilishaji, yaani kumpa ng'ombe mimba kwa mrija bila dume, unahitaji kujua ng'ombe gani yuko kwenye joto. Kwa hiyo unachukua dume lililokatwa mrija, unaliachia kundini. Linanusa, linafukuza, linapanda, kazi zote linafanya kama shetani, ila halimpi mtu mimba. Kama kufunga kungeua hamu, dume hilo lisingefaa kwa lolote.

Kwa maoni yangu hofu ya wanaume wa huku haitoki kanisani wala kihambani. Mtoto wa Kimeru au Kiarusha ameona koleo tangu ana miaka sita. Ukimwambia "kufunga" picha inayokuja ni ile ya zizini. Hata umpe semina kumi.

BodaSakina #20
Linapanda kama shetani. Hapo umenipa nguvu kidogo afisa.

Kisusio_Original #21
Kuanzia leo DerevaWaCosta ataitwa Dume la Kunusa.

LutheriMarangu #22
Afisa, na Mchaga anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa ndani ya banda, hajawahi kuona hilo koleo, yeye hofu yake imetoka wapi?

AfisaMifugo_Ngaramtoni #23
Kwa jirani yake Mmeru mnadani. Sina jibu lingine.

FundiWaMrombo #24
Nimesoma toka juu, niseme yangu. Mimi nimefunga.

Tulikuwa na wanne. Mama watoto ana presha ya kupanda, vidonge vya majira akakatazwa, sindano zikamtoa damu zisizoisha, kitanzi akakiogopa. Tulivyofikia hapo nikaona nimebaki mimi. Kulikuja wataalamu kwa siku maalumu kwenye hospitali moja, nikajiandikisha. Nilipofika dirishani dada wa mapokezi akaniuliza mara mbili kama nimemleta mke. Nikasema ni mimi. Akaita mwenzake aje anione.

Sindano ya ganzi inauma kama nyuki, nyingine unasikia kuvutwa tu, siyo maumivu, ni hali ya ajabu tumboni. Nilitembea mwenyewe mpaka kwenye daladala. Waliniambia nivae chupi ya kubana, nisibebe mzigo wiki nzima, na mimi ni fundi ujenzi, kwa hiyo nikawaambia site naumwa mgongo. Palivimba kidogo na kuwa bluu, pakapona. Miezi mitatu nikarudi kupima.

Anayejua ni mke wangu tu. Mama yangu hajui. Ndugu zangu hawajui. Mafundi wenzangu hawajui mpaka kesho. Ndiyo maana Mangi unadhani hakuna aliyefunga. Tupo. Tunanyamaza. Mwanamke akifungwa anasimulia saluni, mwanaume akifunga anasimulia wapi?

DerevaWaCosta #25
Chai hii. Fundi wa Kwa Mrombo anayenyamaza, halafu anakuja kusema mbele ya watu elfu.

FundiWaMrombo #26
Unalijua jina langu? Basi.

TakwimuZetu #27
Pole pole jamani. Nimefanya kazi za dodoso. Matokeo ya utafiti wa afya ya uzazi wa taifa wa 2022 yanaonyesha wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke nchi nzima, na kati ya wanawake walioolewa, 31% wanatumia njia ya kisasa. Waliofungwa kizazi ni wachache wakilinganishwa na wenye vijiti na sindano, ila wapo. Safu ya kufunga kwa mwanaume ni karibu sifuri. Na anayeulizwa ni mke, faraghani, siyo mume mbele ya washkaji. Kwa hiyo "tupo tunanyamaza" haiwezi kuwa jibu lote. Mkinyamaza nyote, wake zenu wangesema.

Ila kuna kitu kuhusu Kigoma. Miaka iliyopita mkoa ule ulijulikana kwa wanaume kufunga kuliko mikoa mingine, mpaka ukafanyiwa utafiti uliochapishwa 2007. Sababu walizotaja wanaume ni ugumu wa maisha na afya ya mke. Na walioamua, wengi walikuwa wameongea na mtu aliyekwishafanya. Kigoma hakuna kihamba cha Machame, na Wakatoliki wamejaa. Sasa mnieleze.

Katekista_Kibosho #28
Kigoma na sisi wapi na wapi.

Mama_Njiro #29
Eleza tu Kibosho, mtumishi.

Mimi naona jibu lipo kwenye benchi. Nendeni kliniki yoyote ya mama na mtoto, iwe hospitali ya Mount Meru, iwe ya Mawenzi, iwe kituo cha afya cha kata. Benchi lote khanga. Mwanaume anaonekana hudhurio la kwanza la mimba kwa sababu mke anaambiwa waje wawili wapime, akishapima anapotea mpaka siku ya kubeba beseni. Mafunzo yote ya njia anapewa mwanamke. Nani amewahi kukaa na mume akamwambia "na wewe unaweza"? Watoa huduma wenyewe wanaofunga wanaume ni wachache, wanakuja kwa ratiba, kama Fundi alivyosema. Mnatafuta sababu kwenye vichwa vya wanaume wakati hawajawahi kuulizwa.

MekuWaMachame #30
Binti, mwanaume hasubiri kuulizwa akitaka kitu. Pikipiki mliwauliza?

DadaUsaRiver #31
Nilikuwa nasoma kimya. Mleta mada wewe mna umri gani? Mimi nilifungwa nikiwa na miaka 26, watoto wawili, maisha yalikuwa yamenibana, mume hana kazi, nikasema basi. Mume akaondoka zake. Nimepata mtu mwingine, mtu mzuri, hana mtoto. Anasema hajali. Najua anajali. Nimeuliza kufunguliwa, nimeambiwa ni operesheni kubwa, gharama yake sina, na haina uhakika.

Sijaja kumkataza mtu. Watu wanaongea hapa kama vile ukishasema "basi" ndani ya nyumba, basi imekaa milele.

Nesi_Mstaafu #32
Pole sana mwanangu. Hauko peke yako. Kule Marekani waliwafuatilia wanawake waliofungwa kwa miaka mingi. Waliofungwa kabla ya miaka 30, karibu mmoja kati ya watano baadaye alijutia. Waliofungwa baada ya 30 walikuwa wachache zaidi, kama 6 kwa mia. Ndiyo maana msichana wa 26 akija, mshauri mzuri hamkatazi ila anamkalisha chini kwanza amwonyeshe kitanzi cha shaba, kinakaa miaka kumi na zaidi, au kijiti, miaka mitatu au mitano kwa aina yake. Uwezo wake wa kuzuia mimba haupo mbali na kufunga, na siku ukibadili mawazo kinatolewa.

Halafu msifunge mkiwa kwenye dhoruba. Ndoa inayumba, kazi imeisha, mtoto amezaliwa jana na hali yake haijulikani. Hizo siku zipite kwanza.

BintiRombo #33
Dada Usa, pole. Ila naomba niulize bila ubaya: kama badala yako yule mume aliyeondoka angekuwa ndiye aliyefunga, leo ungekuwa na tatizo?

DadaUsaRiver #34
Hapana. Lakini angefunga?

SautiYaMtaa #35
Tusisahau na viongozi. Septemba 2018 Rais Magufuli akiwa Meatu alisema hadharani wanaopanga uzazi ni wavivu wa kulisha watoto, zaeni, elimu ni bure. Mtu alikuwa anajiandaa kufunga akasikia hivyo redioni, unadhani aliendelea?

LutheriMarangu #36
Elimu bure, daftari je? Ada ya shule ya Kiingereza je? Mchaga na shule ya Kiingereza unamjua. Atauza ng'ombe.

Kisusio_Original #37
Ng'ombe ameshaliwa Desemba. Anauza mbege ya shemeji.

Msimamizi #38
Siasa ina jukwaa lake. Rudini kwenye mada.

MamaKijenge #39
Mada: mimi nilirudishwa nyumbani nikalete saini ya mume. Watoto watano, mume yupo machimbo Mererani, harudi mpaka apate jiwe. Mpaka alivyorudi nilikuwa na mimba ya sita. Hilo nalo nani anaeleza?

Nesi_Mstaafu #40
Saini inayohitajika kwenye fomu ya ridhaa ni ya anayefanyiwa. Mume anakaribishwa kwenye ushauri, haombwi ruhusa. Vituo vingi vinajiwekea desturi hiyo kwa kuogopa mume kuja na fujo. Nimeshuhudia fujo hizo, sitasema hazipo. Lakini angalia: mwanaume akija kufunga, sijawahi kuona mtu akimtuma akalete saini ya mke.

FundiWaMrombo #41
Kweli. Waliniuliza tu kama mke anajua. Ningesema anajua hata kama hajui.

DerevaWaCosta #42
Sasa hapo ndipo hatari ilipo. Mwanaume kafunga kimya, mke anahangaika kwa waganga mpaka Bagamoyo kutafuta mtoto. Au kinyume chake: kafunga, hajasubiri miezi yake, mke kapata mimba halali kabisa, anamfukuza. Mtaani kwetu Majengo ilitokea. Mtoto kafanana naye mpaka kucha, ila jamaa hataki kusikia.

Nesi_Mstaafu #43
Na kipimo angepima yangeisha. Mrija unaweza pia kuungana wenyewe baadaye, ni mara chache mno, lakini hutokea. Msifukuzane kabla ya kupima.

MangiWaPasua #44
Wakuu, nimesoma yote. Mama watoto naye amesoma jana usiku, amecheka kwa yule dume mpaka mtoto akaamka. Umri wetu: mimi 38, yeye 34.

Nilimwambia nimeamua nitafunga mimi, nikitegemea atafurahi. Akanyamaza, halafu akasema anataka kufunga yeye. Nikamwambia habari ya mishikamano, akasema atamuuliza daktari. Sababu yake ni hii, naiandika alivyosema: "Ukifunga wewe, mimi nitakuwa naishi kwa kukuamini. Nikifunga mimi, najua." Akaongeza kwamba hata nikipima na karatasi nikaleta, ni karatasi yangu. Mimba ikiingia ni tumboni kwake, na maneno yatakuwa yake.

Sikuwa na jibu. Bado sina.

BintiRombo #45
Shemeji kaniacha mdomo wazi.

Mama_Njiro #46
Ana haki yake. Lakini si kwa kovu la mara tatu, bwana. Kitanzi cha shaba kitamfikisha miaka 44 bila kisu, na kipo mwilini mwake, anajua mwenyewe. Kama bado ana damu nyingi kutokana na sindano, basi aulize kwanza, maana kitanzi kinaweza kuongeza damu ya mwezi.

TakwimuZetu #47
Kumbe kuna sababu ambayo dodoso halina. Wanawake wenyewe hawataki kutuachia.

DerevaWaCosta #48
Nilisema toka #3 mwanaume asifunge. Nimeshinda.

Mama_Njiro #49
Wewe ulisema kwa sababu ya mke wa pili. Kaa chini.

Ustadhi_Majengo #50
Na dharura imerudi kwa mwenye dharura. Yule sheikh wa kwanza angefurahi.

Nesi_Mstaafu #51
Mangi, nendeni wote wawili, si lazima muwe mmeamua. Mwambieni daktari idadi ya operesheni na aangalie tumbo kabla ya kusema njia gani inafaa. Huduma hospitali za serikali ni bure, anayewadai hela ya kufunga mwulizeni ya nini. Na mpaka mtakapoamua, sindano isiruke tarehe. Kunyonyesha peke yake kunasaidia miezi sita ya mwanzo, tena kama mtoto hapewi kitu kingine na siku zake hazijarudi. Yeye damu imeshaonekana, asitegemee hiyo.

BodaSakina #52
Afisa mifugo, tukiacha binadamu kidogo. Nina beberu mmoja, ana miezi minne, ananukia mpaka abiria wananusa koti langu. Nikitaka kumhasi kwa koleo, nimewahi au nimechelewa?

AfisaMifugo_Ngaramtoni #53
Hujachelewa. Ila usimpige mwenyewe kwa koleo la kuazima, ukiponda upande mmoja ukaacha mwingine atakuwa na nusu hasira. Njoo ofisini asubuhi, mlete na kamba nzuri, nitakuonyesha.

Kisusio_Original #54
Nendeni pamoja na DerevaWaCosta.